Mkono wa Kulia wa Gires

Mimi ni msaka vipaji wa besiboli. Cheka kwanza, umalize, halafu tuendelee.

Naitwa Gurdial. Nina miaka sitini na tisa, navaa kilemba, nilizaliwa Kisumu, nimetengeneza miwani hapa Queensbury, London, kwa miaka thelathini na minne, na ukinipa gongo la besiboli leo nitapiga hewa na pengine kumpiga na jirani. Lakini macho ninayo. Timu moja kubwa ya Marekani, ambayo sitaitaja kwa sababu watu wake ni wepesi wa kuandikia watu barua za mawakili, ilitaka mtu wa kukaa nyuma ya wavu kwenye viwanja vya London na kuandika anachokiona. Nikajitolea. Kila mwaka hunitumia kofia ya shukrani. Nina kofia kumi na moja na kichwa kimoja chenye kilemba, kwa hiyo mke wangu, Jaspal, huzitumia kufunikia miche yake ya nyanya baridi ikizidi.

Katika miaka hiyo kumi na moja niliwapelekea ripoti ishirini na sita. Zote zilijibiwa kwa upole, na upole wao ukishauzoea unajua kwamba maana yake ni hapana.

Gires alikuwa ripoti ya ishirini na saba. Ni kijana wa miaka kumi na minane, mzaliwa wa Croydon, mtoto wa pekee wa Mama Léocadie, mwanamke wa Bukavu, Kongo, anayefanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja karibu na njia ya tramu. Kiswahili Gires anakisikia chote, lakini hajibu hata neno. Mama yake akimwita kwa Kiswahili kuja kula, yeye anasema "Coming, Mum", na haji. Kwa hiyo maneno yake humu nimeyageuza mimi kutoka Kiingereza, ila pale nitakaposema vingine.

Aliletwa kwenye klabu yetu, ambako mimi pia nasaidia kufundisha, na jirani yao Ulimboka, dereva wa basi, Mtanzania aliyefundishwa mchezo huu shuleni Dar es Salaam na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Ulimboka ana miaka arobaini na miwili na mvi za kutosha, lakini akirusha mpira vijana wanaacha kuchati. Huyo ndiye mrushaji wetu mkuu. Gires akawa mdakaji wake.

Mdakaji ndiye yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa kinyago cha chuma na ngao ya kifua, akidaka kila mpira unaotoka kwa mrushaji. Watoto wengi hawaitaki kazi hiyo, maana magoti yanauma na hakuna anayekupigia makofi. Gires aliipenda tangu siku ya kwanza, akiwa na miaka kumi na mitatu na miguu myembamba kama vijiti vya mishikaki. Leo anaweza kuchuchumaa saa tatu na kuinuka bila kuguna, jambo ambalo mimi siliwezi hata nikitoka kwenye kochi. Na akidaka mpira, kuutoa kwenye glavu na kuutupa hadi kituo cha pili anatumia chini ya sekunde mbili. Mara ya kwanza nilidhani saa yangu imeharibika. Nilinunua nyingine, nayo ikasema vile vile.

Kasoro yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya ajabu.

Mdakaji huvaa glavu yake kubwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ulio mtupu, hufichwa nyuma ya mguu au mgongoni, kwa sababu mpira ukiguswa kidogo tu na gongo hubadili njia, na ukikutana na kidole gumba kilicho wazi unakivunja. Hilo hufundishwa siku ya kwanza. Gires alilijua. Akidaka mipira ya Keyur, mrushaji wetu mwingine ambaye ni rika lake, mkono wa kulia ulikaa mgongoni kwa utulivu kabisa. Lakini mrushaji akiwa Ulimboka, mkono ule ulitoka mafichoni wenyewe na kuja kujishika chini ya glavu. Nilihesabu. Mipira arobaini ya Keyur, mkono haukutoka hata mara moja. Mipira arobaini ya Ulimboka, ulitoka mara thelathini na nane. Miwili iliyobaki ilimponyoka Ulimboka ikaenda vichakani.

Kwanza nilijilaumu mwenyewe. Nilipokuwa Kisumu nilicheza kriketi, nikiwa mlinda wiketi, na sisi walinda wiketi hudaka kwa mikono miwili. Labda nilimwambukiza. Lakini kama ni ugonjwa wangu, mbona hakuuonyesha kwa Keyur?

Nikaamua kutumia yai.

Nilimpa Gires yai bichi alishike kwa mkono wa kulia, mgongoni, wakati akidaka. Alilipokea kwa mikono miwili, kwa unyenyekevu, nami nikasema moyoni, kijana mwangalifu sana huyu. Sasa hivi nikikumbuka natamani kujipiga kofi. Alidaka mipira ishirini ya Keyur na yai likabaki zima. Akaingia Ulimboka. Mpira wa kwanza tu, yai lilikutana na glavu mbele ya macho ya watu wote, na kiini kikamtiririka Gires mpaka kwenye kiwiko. Tukajaribu tena na tena. Yai la sita lilipopasuka, Ulimboka alishuka kutoka kwenye kilima chake cha kurushia akanifuata.

"Mzee wangu, samahani naomba kuuliza," alisema. "Hapa tunafundisha mpira au tunakaanga chapati za mayai?"

Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika naandika vibaya. Usiku huo huo ningeweza kuandika upuuzi, lakini nilisubiri asubuhi, nikaandika upuuzi ule ule: *Anamwogopa mrushaji mwenye kasi.* Kwa mdakaji neno hilo ni sawa na kumfungia mlango. Na wakati huo mlango ulikuwa wazi kidogo kwa mara ya kwanza. Mkuu wa wasaka vipaji wa timu, Mmarekani ambaye kwa miaka yote nilimjua kwa barua pepe tu, alikuwa ameniandikia kwamba anakuja London Jumamosi ya pili ya Juni. Kambi yao ya Arizona ilikuwa na nafasi moja ya mdakaji kutoka Ulaya, miezi mitatu ya mazoezi, na anayefaulu huko anasaini mkataba na kuanza kupanda ngazi za kuelekea ligi kuu. Walikuwa watatu tu kwenye orodha yake: mmoja Rotterdam, mmoja Parma, na Gires, ambaye jina lake nilikuwa nimelipeleka mapema. Angekaa uwanjani kwetu vipindi vitano, kisha apande ndege kwenda Italia.

Ripoti ile sikuituma. Nilisema nikamwone mama yake kwanza.

Kutoka Queensbury hadi Croydon ni safari ya kumfanya mtu aandike wasia. Treni ya chini ya ardhi ya Jubilee mpaka London Bridge, treni nyingine mpaka East Croydon, kisha tramu. Nilifika Jumapili mchana wakiwa wametoka kanisani. Mama Léocadie alinikaribisha kama mgeni wa heshima. Alinipa kikombe cha chai, nikakipokea kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa na daftari langu. Akaniangalia. Mimi nikadhani anavutiwa na daftari.

Tukakaa mezani. Kulikuwa na bugali, ndio ugali wa kwao, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Gires alikuwa amekwisha kuzamisha mkono wa kulia kwenye bugali wakati mama yake alipomnyooshea bakuli la samaki. Mkono wa kulia ulikuwa umejaa ugali, kwa hiyo alilipokea kwa mkono wa kushoto. Na papo hapo, bila hata kuangalia, mkono wa kulia uliinuka ukaja kujiegemeza chini ya kifundo cha mkono wa kushoto.

Kijiko changu kilibaki hewani.

"Rudia," nilimwambia.

"Nirudie nini, kocha?"

Nilimpa chumvi. Alinyoosha mkono wa kushoto, na ule wa kulia ukaufuata. Nikampa glasi ya maji. Ukaufuata tena. Nikampa chumvi mara ya pili, na sasa Mama Léocadie alikuwa ameacha kula na ananitazama vile anavyowatazama wazee wake kazini wanapoanza kuongea na kabati.

"Na Keyur akikupa chumvi?" niliuliza.

Gires akasema Keyur hawezi kumpa chumvi. Keyur angemrushia tu.

Hapo ndipo nilipoelewa, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mimi mtoto wa Kisumu! Mimi niliyechapwa kofi na marehemu mama yangu kwa kupokea andazi la jirani kwa mkono wa kushoto! Kijana huyu hakuwa anamwogopa Ulimboka. Alikuwa anamheshimu. Ulimboka ni rika la baba yake, anamwita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa, ndiye aliyemshika mkono akampeleka uwanjani. Sasa mtu mzima huyo anamtupia kitu, naye atakipokeaje kwa mkono wa kushoto, tena mkono wa kulia ameuficha mgongoni kama mwizi? Akili ya Gires ilikuwa inajua besiboli. Mkono wake ulikuwa umelelewa na Mama Léocadie.

Nilimweleza mama yote. Nilimweleza kidole gumba, Arizona, Rotterdam na Parma. Mwisho nikamwomba jambo ambalo kwangu lilikuwa dogo: amwambie mwanawe kwamba uwanjani adabu hiyo aiache.

Mama Léocadie aliweka kijiko chini.

"Mzee Gurdial, minakuheshimu, na chakula umekula," alisema. "Lakini unisikilize vizuri. Huyu mutoto nilimuzaa hapa. Kiswahili, London ilikamata. Misa, anaendaka na simu mu mukono. Minamusemesha, ananijibu mu Kizungu, ile Kizungu ya haraka, mie sisikie hata kitu. Ile mukono tu njo ilibakiya. Ile moja. Kila mara anapokea kitu, minaona mama yangu, minaona kwetu. Na weye umepanda tramu kukuya kuniambia niitoshe?" Kwao kukamata ni kuchukua, na kutosha ni kuondoa.

"Ni kwa uwanjani tu, Mama Gires."

"Leo uwanjani. Kesho ku meza yangu. Hapana."

Gires alijaribu kuingilia. "Mum, please," alisema, na mama akamwonyesha kidole, naye akarudi kwenye samaki wake. Nikaona haya. Nilikuwa nimekuja kwa mwanamke huyu kumpunguzia alichobakiwa nacho, na nilikuwa nimekalia kiti chake. Bado alinifungia samaki nipeleke nyumbani kwa Jaspal. Nilipokea kwa mikono miwili, daftari nimelibana kwapani.

Majuma mawili yaliyobaki tulijitahidi bila yeye. Nilimwambia Gires asahau heshima kwa saa mbili. Akasema anajua, kocha, anajua kabisa, lakini mkono unakwenda wenyewe. Nikamwambia Ulimboka naye amwambie. Ulimboka alifurahi kupita kiasi kusikia kwamba tatizo ni uzee wake.

"Dogo, mimi si mzee!" alimpigia kelele kutoka kilimani. "Nichukulie kama Keyur!"

"Sawa, Tonton," Gires alisema. Akarushiwa mpira, akaupokea kwa mikono miwili. Ukishamwita mtu Tonton umekwisha.

Tegemeo langu la mwisho lilikuwa Keyur. Nilipanga Mmarekani akija, arushe Keyur, na Ulimboka apewe likizo. Ijumaa, Keyur akanipigia simu kunikumbusha kwamba Jumamosi ana mtihani wa udereva, ameusubiri miezi saba, na hata Marekani nzima ikija hauahirishi.

Kwa hiyo Jumamosi akapanda kilimani Ulimboka.

Mmarekani alikuwa mrefu, mwenye nywele nyeupe na sauti ya chini. Alinipa mkono, akakitazama kilemba changu, akaitazama kofia mpya aliyoniletea, na nikaona hesabu ikimpiga chenga. "Kumi na mbili," nilimwambia, "asante sana." Tukakaa nyuma ya wavu. Watazamaji walikuwa wachache: wazazi wawili, mbwa mmoja, na upande wa kushoto, kwenye kiti cha kukunja, Mama Léocadie. Aliniambia hatakuja. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi, bado kavaa sare ya kazi, na chupa ya chai miguuni.

Kipindi cha kwanza sitaki kukikumbuka. Mpira wa Ulimboka, mikono miwili. Mpira wa Ulimboka, mikono miwili. Kila mara mkono wa kulia ulipopanda, glavu ilitikisika, na mwamuzi akaona mpira mzuri kama mbaya. Mmarekani aliandika. Mimi huyasoma maandishi ya watu kwa mbali, miwani yangu nimejitengenezea mwenyewe, na niliona ameandika *mikono ina kelele*, yaani haitulii. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Kipindi cha pili, mpigaji aligusa mpira kwa ncha ya gongo. Ulibadili njia ukampata Gires kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, ule ambao haukupaswa kuwapo. Sauti yake tuliisikia sote. Alikunja mkono kwapani, akazunguka mara moja, akarudi kuchuchumaa. Mmarekani akaweka kalamu chini. Watu hawa wakiweka kalamu chini, ujue wameshaanza kufikiria Parma.

Nilitaka kulia, nasema kweli. Si kwa ajili ya ripoti ya ishirini na saba. Kijana alikuwa anapoteza nafasi yake kwa sababu ya kulelewa vizuri, na hakuna kisanduku kwenye fomu yao cha kuandika jambo hilo.

Ndipo kiti cha kukunja kikaanguka. Mama Léocadie alikuwa amesimama, ameushika wavu kwa mikono yote miwili.

"Gires!"

Uwanja mzima uligeuka, mpigaji na mwamuzi pamoja.

"Mukono wa kushoto peke yake, mutu anaanzaka kuomba ruhusa! Si nilikufundisha? Ulisahau wapi?"

Kisha akanigeukia mimi, na hapo nilipungua kidogo kwenye kiti changu. "Na weye, mzee muzima, ulikuya kwangu ukasema niitoshe. Haitoshwake! Inaombewaka ruhusa!"

Na bila shaka. Hata Kisumu ilikuwa hivyo hivyo. Mkono wa kulia ukiwa na uchafu au kidonda, unamwambia mkubwa wako mapema, nisamehe, napokea kwa kushoto, naye anasema haidhuru, na kuanzia hapo uko huru. Si mkubwa anayejitangaza kuwa mdogo, kama alivyofanya Ulimboka na kelele zake. Ni mdogo anayeomba. Nilikuwa nimepasua mayai sita nikijaribu kumvua kijana adabu yake, na dawa ilikuwa humo humo ndani ya adabu.

Gires alimtazama mama yake. Halafu akainua mkono kumwomba mwamuzi asimamishe mchezo, jambo ambalo mdakaji anaruhusiwa kufanya, akavua kinyago, akatembea polepole hadi kilimani. Alisimama mbele ya Ulimboka na mpira kwenye mikono miwili. Akainama kidogo, akasema kitu. Ulimboka kwanza alikunja uso. Kisha uso ukalegea, akamwekea mkono begani, akajibu maneno machache. Gires akampa mpira, akarudi, akavaa kinyago, akachuchumaa.

Mpira uliofuata ulikuja kwa kasi yote aliyobakiwa nayo Ulimboka. Glavu ya kushoto iliufikia, ikaukamata, ikatulia pale pale. Mkono wa kulia ulikuwa mgongoni, na kidole gumba kimeanza kuvimba. Mwamuzi akapiga kelele ya mpira mzuri.

Nikahesabu. Mmoja. Watano. Kumi na mmoja. Mkono haukutoka. Kipindi cha nne mkimbiaji wa timu pinzani alijaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa, Gires akadaka, akainuka na kutupa, na kile kidole kilivyokuwa sijui aliushikaje mpira. Mkimbiaji alikuta mpira umefika kabla yake. Mmarekani alitazama saa yake, akaigonga kwa kidole, akaitazama tena. Nilimwambia asihangaike, mimi nilishanunua ya pili.

"Pale kilimani," aliniuliza, "walizungumza nini? Walibadili mpango?"

"Aliomba ruhusa kwa mkubwa wake," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la kiufundi, akaokota kalamu, akaandika mistari miwili. Nikachungulia. *Anaongoza mchezo. Anajirekebisha katikati ya mechi.* Wana kipimo chao kinachoanzia ishirini na kuishia themanini, na usiniulize kwa nini hakianzii sifuri kama vya watu wengine. Pembeni ya mistari ile aliandika sitini. Katika ripoti zangu zote sijawahi kumpa mtu sitini.

Vipindi vitano vilipokwisha hakuondoka mara moja. Alimwita Gires, akamwangalia kidole, akamwambia Parma ataenda kwa adabu tu kwa sababu tiketi ameshakata, lakini nafasi ya Arizona ni yake, kuanzia Septemba, barua itafika Jumatatu. Kisha akanipa mkono, akaingia kwenye teksi. Nilibaki na kofia yangu ya kumi na mbili. Nimesema mengi juu ya kofia hizo, lakini hiyo niliishika kwa mikono miwili.

Tulikusanyika kwenye kiti cha kukunja. Mtu fulani alikuwa amempa Gires mfuko wa barafu, naye kauzungushia mkono wa kulia. Mama Léocadie alimsikiliza akieleza habari za Arizona. Alikuwa anamimina chai kwenye vikombe vya plastiki, akanipa changu. Nilikuwa na kofia mkono mmoja.

Hakukiachia kikombe.

"Samahani, Mama Gires," nilisema, "mkono mmoja una kofia."

"Haizuru," alisema, akakiachia. Ulimboka alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi.

"Ulimboka," Mama Léocadie alimwambia alipotulia, "kule juu, alikuomba ruhusa?"

"Aliomba, dada yangu. Kwa heshima zote."

"Mu Kizungu."

"Aa, hapana." Ulimboka alijifuta macho. "Kiswahili. Kile chenu cha Bukavu. 'Tonton, unisamehe, nitapokea na mukono wa kushoto.' Miaka mitano namrushia mipira, sikujua kama ana sauti hiyo."

Gires aliangalia viatu vyake. Mama Léocadie alimimina kikombe kingine, na chai ikapita ukingo ikamwagikia vidole vyake, wala hakuishughulikia.

"Miaka kumi na munane minangojea anijibu," alisema. Hakuwa anatuambia sisi. "Leo amejibu, na leo njo wamenikamatia yeye."

Nilikunywa chai yangu.

Mama alimnyooshea mwanawe kikombe. Gires alitazama mkono wake wa kulia, uliofungwa barafu na hauwezi kushika wala kuegemeza chochote. Akanyoosha wa kushoto, kisha akausimamisha njiani, kabla haujagusa kikombe.

"Mama," alisema, na maneno haya sijayageuza mimi, ni yake mwenyewe. "Unisamehe. Mukono wa kushoto."

Mama Léocadie alibaki ameshika kikombe vile vile.

"Sikusikia," alisema. "Rudia."

Akarudia.

"Kuna upepo hapa. Rudia tena."

Hakukuwa na upepo wowote. Alimfanya arudie mara nne, na alipompa kikombe chai ilikuwa imepoa.